Ng'ombe Aliyetolewa Bila Kamba

Kaka yangu Piusi alipomtoa ng'ombe wake, hakumtoa na kamba.

Kwetu Kansay jambo hilo halifanyiki. Ng'ombe akitoka mkononi mwako kwenda kwa mwingine, iwe umemuuza au umempa bure, unamkabidhi akiwa na kamba yake shingoni. Wazee husema kamba ndiyo inayomwambia ng'ombe kwamba amehama. Bila kamba yake, moyo wake unabaki nyuma, na siku moja miguu itaufuata. Kwa hiyo watu walishangaa, kisha wakacheka. Aliyepewa ng'ombe huyo ni Mwalimu Lazaro, katekista wetu, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Kanipa gari, funguo kabaki nazo," aliwaambia wanawake kisimani.

"Na wewe, Mwalimu," mmoja akamjibu, "nyumba yake unaiogopa, maziwa yake huyaogopi?"

"Nimemnyunyizia maji ya baraka."

"Si ungemnyunyizia na mwenyewe!"

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeinamia ndoo yangu. Sijazoea kusema mbele za watu. Hata kwenye jumuiya, zamu yangu ya kuombea ikifika, huwa nasogeza midomo tu mpaka jirani yangu aitikie, ili zamu ipite. Nilikuwa na swali moja kooni, nikalibeba pamoja na ndoo hadi nyumbani: mtu ambaye hana tena ng'ombe, kamba anaitaka ya nini?

Nyumba ya Piusi imetengwa na yetu kwa ua wa minyaa, ule mmea wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Katikati ya ua kuna mwanya wa kupita mtu mmoja. Tangu Evarista, mke wake, afariki, hakuna aliyeupita mwanya huo. Evarista alikufa na mtoto tumboni, na kwa sisi Wairaqw kifo cha namna hiyo kinaiweka nyumba katika metimani. Mwenye nyumba anakaa peke yake mpaka msimu upinduke. Haingii kwa watu, na watu hawaingii kwake. Anachota maji wenzake wakishaondoka. Moto hautoki kwake wala hauingii, kwa maana moto ukigawana na nyumba iliyofiwa, kifo nacho unagawana. Karatu mjini wengi wameiacha desturi hii. Kwetu bado ipo, hata kwa sisi tunaokwenda kanisani kila Jumapili. Tunachofanya ni kutoisema mbele ya padri.

Mama yangu, Brigita, alikuwa akiweka sahani ya chakula kwenye mwanya, anaigonga na kijiko, halafu anarudi nyuma. Piusi anakuja kuichukua. Wakati mwingine mimi nilibaki karibu, upande wetu, tukazungumza hivyo hivyo, yeye kule na mimi huku.

Piusi alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa akiwashusha wageni Ngorongoro, ndani ya kreta, na madereva wenzake walimjua kwa jambo moja: hakuna gari lililomshinda kulitoa kwenye tope. Magari ya watu wengine yakikwama wakati wa mvua, walimwita yeye. Basi siku Evarista alipozidiwa na uchungu, Piusi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, na gari likazama katika udongo mweusi bondeni, kabla ya barabara kubwa. Alikata matawi, alichimba kwa mikono. Mwishowe alipiga magoti katika lile tope akamwita Mungu kwa sauti, mpaka wachungaji waliokuwa kilimani wakamsikia. Walipofika kusukuma, Evarista alikuwa ameshanyamaza.

"Nilimwita," aliniambia siku moja kwenye mwanya. "Wachungaji walisikia. Mbwa walisikia. Yeye hakusikia."

"Kaka, usiseme hivyo."

"Sina hasira, Leonida. Mtu hukasirikia kitu kilichopo." Aliongea taratibu, kama mtu anayewaelekeza wageni njia. "Nimekaa miaka na wageni ndani ya kreta. Nimewaona fisi wakimtoa ndama wa nyumbu tumboni mwa mama yake, na jua linawaka vizuri tu, na ndege wanaimba. Kulikuwa na mzungu mmoja mzee, mpole sana, akaniambia dunia haijui kama tupo. Nilimcheka. Sasa naona alinionea huruma."

Nilitaka kumjibu. Lakini niliishia darasa la tano. Nilimuuliza tu kama amekula.

"Nimekula. Haijai." Akajigusa kifua, si tumbo. "Humu ndani ni kama kreta ambayo wanyama wote wamehama. Nyasi zipo, maji yapo. Upepo tu unapita."

Mwalimu Lazaro aliposikia kwamba Piusi anasema hakuna Mungu, alitikisa kichwa kwa masikitiko, lakini nadhani alipata nafuu. Kabla ya hapo alikuwa akiulizwa kwa nini haendi kumfariji. Sasa alikuwa na jibu. "Mtu kamkana Mungu hadharani, nikamfuate kwa lipi? Atubu kwanza." Na Mama akaitikia, kwa kuwa naye aliogopa.

Kwaresima ile ilikuwa kavu. Masika yalichelewa, mahindi yakajikunja, upepo ukawa unapanda kutoka Bonde la Ufa mchana kutwa ukileta vumbi na harufu ya magadi. Nyuma ya nyumba ya Piusi, baada ya shamba, ndiko ardhi inakokatika na kuanguka bondeni. Kila jua lilipoanza kushuka alikwenda kusimama pale ukingoni, mikono nyuma. Mbwa wake alikuwa akimfuata. Baadaye mbwa akaacha kumfuata, akawa analala upande wetu wa ua na kukataa kurudi.

Kisha akaanza kutoa vitu. Alinipa mimi darubini yake. Viatu vyake vya kazi alivitundika kwenye mwanya, akaniambia nimpe yeyote ambaye vitamtosha. Koti. Redio. Mama alifurahi. Alisema, "Moyo wake umelainika, anakumbuka watu." Kisha akamtoa ng'ombe, na kamba akabaki nayo.

Nikaanza kutazama moshi. Kila asubuhi, kabla sijafanya lolote, nilisimama mlangoni nikatazama jiko lake lile la nje. Moshi ukitoka, nilikwenda kukamua mbuzi. Ilikuwa namna yangu ya kumwombea, kwa kuwa maneno sikuwa nayo. Nikiona moshi, nilisema, "Asante." Basi.

Jumamosi Kuu, kesho yake ikiwa Pasaka, moshi haukutoka.

Nilingoja. Jua likapanda juu ya miti, ukungu ukaondoka shambani, moshi hakuna. Mama akaweka uji kwenye mwanya akagonga. Akagonga tena. Uji ukaanza kufanya ngozi juu.

"Piusi!" akaita. "Piusi, baba!"

Mbwa akasimama, akatazama nyumba ile, akalala tena.

Mwalimu Lazaro alikuwa akipita na watu wa kwaya kwenda kigangoni kufagia kanisa kwa ajili ya mkesha. Walisimama. Wakakusanyika pale uani, kila mmoja akitazama mwanya, na hakuna aliyeusogelea.

"Labda amelala," mmoja akasema.

"Amelala na jua hili?"

"Mwalimu," Mama akamwambia Lazaro, "ingia umwangalie. Wewe ni mtu wa Mungu."

"Mama Piusi, mimi nina watoto wadogo."

"Ng'ombe wake ulimchukua."

"Ng'ombe hana..." Hakumaliza. Alikuwa ameshika fagio kifuani kama mtu anayejikinga.

Hapo ndipo ile kamba ilinijia, na nikajua ni ya nini. Nadhani nilijua tangu siku ya kisimani. Niliingia jikoni kwetu, nikachukua kigae cha chungu kilichovunjika, nikakitia makaa mekundu matatu manne, nikatoka nayo.

Mama aliona. "Leonida! Moto wangu unaupeleka wapi?"

Nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye mwanya.

"Ukivuka hapo, humu ndani hurudi! Mpaka msimu upinduke! Leonida, nina wewe tu, unasikia? Moto wangu!"

Nilisema moyoni, Bwana, mimi siwezi, nisukume. Sikusikia sauti yoyote. Nilichosikia ni kigae kinaniunguza vidole, kwa hiyo ilikuwa ama nitembee ama nikiangushe. Nikatembea. Minyaa ikanigusa mabega pande zote mbili. Nyuma yangu wanawake walivuta pumzi kwa pamoja, halafu sikuwasikia tena.

Uwanja wake ulikuwa umefagiwa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko ukimya. Hapakuwa na jani, hapakuwa na kijiti, kama uwanja wa nyumba inayongoja wageni wa msiba. Mlango wa jiko ulikuwa umeegeshwa. Nikausukuma kwa goti.

Piusi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga. Alikuwa hai. Alivaa shati lake la kazi la kaki, limefuliwa na kunyooshwa. Miguu ilikuwa mitupu, imeoshwa. Hata mafiga yalikuwa yamefagiwa, majivu yote yametolewa, yale mawe matatu yamebaki meusi na safi. Kamba ilikuwa magotini pake, imekunjwa vizuri.

"Umevuka," akasema.

"Nimevuka."

"Rudi."

"Siwezi kurudi. Na mimi sasa ni mtu wa metimani."

Alinitazama, akacheka kidogo kwa pua. "Mtu mwenye haya kuliko wote Kansay nzima. Mama anasemaje?"

"Anaulilia moto wake."

Niliweka kigae katikati ya mafiga. Makaa yalikuwa bado mekundu, lakini pembeni yameanza kuvaa kijivu. Nikakaa chini, mgongo wangu ukiwa mlangoni. Sikupanga kumzibia njia. Nilikaa tu mahali nilipofika.

"Unajua leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Jumamosi Kuu."

"Nilipokuwa mtumishi wa altare, siku hii ndiyo iliyonitisha. Unaingia kanisani, altare imevuliwa nguo. Mlango wa tabernakulo, pale inapowekwa Ekaristi, uko wazi, ndani hakuna kitu. Ile taa nyekundu imezimwa. Nilikuwa nikipita pale mbio." Alipitisha kidole juu ya kamba, polepole. "Nimeingoja siku hii, Leonida. Siku nyingine mnabishana na mimi. Leo hata ninyi mnakubali kwamba hayupo. Leo tunalingana."

Upepo ulipita juu ya bati. Kwa mbali nilimsikia Mama akiita jina langu, si kwa hasira tena. Nilitafuta neno, nikakuta kichwa changu ni kitupu kama hilo kanisa analolisema. Nikaogopa kwamba nimekuja mikono mitupu, na kwamba nitakaa hapo nimtazame tu mpaka nichoke, na nikichoka atafanya alichokusudia.

Kisha nikakumbuka swali la mafundisho ya kipaimara. Mwalimu Lazaro alikuwa akituuliza sisi watoto huku akigonga meza kwa chaki, na mimi jibu nililijua ila sikunyoosha mkono.

"Kaka," nikasema, "kama leo hayumo kanisani, ameenda wapi?"

"Hakuna alikokwenda. Hayupo."

"Hapana. Kwenye Nasadiki tunasema. Ameenda wapi?"

Aliinama juu ya kamba. Lakini jibu alilijua. Alifundishwa na Mwalimu yuleyule.

"Alishukia kuzimu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nikalazimika kurudia. "Alishukia kuzimu, kwa waliokufa. Walimtoa nje ya mji wao, rafiki zake wakamkimbia, hakuna aliyetaka kumgusa. Halafu akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya kifo akakaa huko. Evarista yuko wapi, kaka? Si huko? Kanisa ni tupu leo kwa sababu amekwenda huko. Yeye hakuogopa metimani. Aliingia."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu yeyote.

"Hayo ni maneno ya Lazaro," Piusi alisema.

"Ndiyo."

"Lazaro yuko wapi?"

"Nje ya ua. Ameshika fagio."

"Unaona? Yeye mwenyewe hayaamini."

"Yeye yuko nje," nikasema. "Maneno yameingia."

Aligeuza uso. "Kwa nini hakuja siku ile ya tope?" Aliuliza kwa sauti ya chini sana, na sikujua kama ananiuliza mimi. "Kama anaweza kushuka mpaka kuzimu, pale bondeni palimshinda nini?"

"Sijui."

Alingoja.

"Sijui, kaka. Hilo sijui. Nikisema najua nitakudanganya."

Nadhani alitegemea nitamwambia mapenzi ya Mungu, kama walivyomwambia wote kwenye mazishi. Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike, aliniangalia kweli. Halafu macho yake yakashuka kwenye kigae.

"Makaa yako yanakufa," akasema.

Ni kweli. Lilibaki moja tu lenye wekundu. Niliinama nikapuliza, majivu yakaniingia machoni. Nilitazama huku na huku nitafute gunzi, unyasi, karatasi, chochote. Alikuwa amefagia kila kitu. Katika jiko lile zima kulikuwa na kitu kimoja tu kikavu, nacho kilikuwa magotini pake. Ilikuwa kamba ya katani, ya zamani, iliyolainika kwa shingo ya ng'ombe.

Sikuiomba. Niliogopa nikiiomba ataishika zaidi. Nililitazama lile kaa, na yeye akalitazama. Lilikuwa likififia taratibu, kama jicho la mtu anayesinzia. Upande mmoja ukawa mweusi. Nilihesabu kwamba likizimika, sina tena nilichokuja nacho.

"Omba," Piusi akasema.

"Nini?"

"Omba wewe. Mimi siwezi. Mimi nitapuliza."

Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye ncha ya kamba, vinaifumua. Nyuzi za katani zilitoka moja moja, nyeupe, akazisokota kuwa kiota kidogo, akakiweka juu ya kaa. Akapiga magoti, shavu karibu na ardhi, vile alivyopiga magoti kwenye tope. Nikaomba kwa sauti. Nilisema, "Bwana, sisi tuko huku chini. Kama ulishuka, shuka na hapa. Umtunze Evarista na mtoto. Umsaidie kaka kupuliza." Sikujua kumaliza, nikarudia tena yaleyale. Kila nilipofika kwenye jina la Evarista, pumzi yake ilikatika, kisha akapuliza tena.

Moshi ulikuja kwanza, mwembamba. Kisha katani ikashika kwa mlio mdogo. Akafumua nyingine, na nyingine, haraka sasa, mpaka kilipobaki kipande kisichofika mkono mmoja. Hicho nacho akakitia chote. Kisha akasimama, akaniruka pale mlangoni, akatoka nje. Nikatoka mbio kumfuata. Alikuwa chini ya ghala, anakusanya magunzi ya mahindi kwenye fulana yake nyeupe, lile shati la kaki amelivua na kulitupa.

Moshi ulipotoka juu ya bati, nilisikia Mama akipiga yowe upande wa pili wa ua, halafu akalia. Baada ya muda sahani iligongwa kwenye mwanya. Nilipokwenda kuichukua ilikuwa moja, kwa mazoea. Mama alikuwa amesimama mbali, kanga mdomoni. Alinitazama, akageuka, akaleta ya pili.

Piusi hakusema kwamba anaamini. Jioni ile alikwenda ukingoni kama kawaida, na mimi nikamfuata nikasimama nyuma yake, upepo unatuvuta nguo kuelekea bondeni. Kule chini giza lilikuwa limeshaanza kujaa. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa saa zile kila siku. Alisimama sana. Aliporudi alisema neno moja tu: "Kesho uniamshe."

Nilimwamsha. Kengele ya kigango ilikuwa inalia mbali, imebebwa na upepo, mara ipo mara haipo. Tulikuwa tunakoka moto tuliposikia kishindo, minyaa ikavunjika, na ng'ombe akatokea mwanyani. Alikuwa na kipande cha kamba ya plastiki shingoni, ameikata. Alipita katikati ya uwanja bila kututazama akaingia zizini kwake, akasimama mahali pake.

Nyuma yake alikuja Mwalimu Lazaro akitweta, amevaa kanzu yake nyeupe ya Pasaka, vumbi hadi magotini. Alifika kwenye mwanya akasimama kama aliyegonga ukuta. Alimtazama ng'ombe. Alitutazama sisi. Mguu mmoja aliuinua, akaurudisha.

"Shikamoo, Mwalimu," Piusi akasema kutoka mlangoni pa jiko.

"Marahaba." Alifuta jasho. "Nimekuja... Nahitaji kamba yake, Piusi. Bila kamba hatakaa kwangu."

"Kamba tumeiwashia moto."

Lazaro alimtazama Piusi, kisha akanitazama mimi, kisha akautazama moshi. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika alipoelewa ile kamba ilikuwa inangojea nini. Alishika ua kwa mkono, utomvu ukamchirizikia kwenye kanzu, hakujali.

Akavuka. Akaja mpaka jikoni, akainama chini ya bati, akakaa chini sakafuni upande wa pili wa mafiga, akanyoosha mikono kwenye moto.